Bahari Isiyo na Hati: Haki za Kimila za Wavuvi wa Ghuba ya Tungi



Mali bila daftari hupotea bila habari. Bila shaka umekwisha kukutana na methali hii katika masomo yako, na huenda ulielezwa kuwa ni nasaha kwa wafanyabiashara: andika unachokopesha, la sivyo utakisahau. Leo nakuomba uisome kama methali ya sheria. Nakualika tusafiri hadi pwani ya kaskazini ya jimbo la Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kusini kidogo ya Mto Ruvuma, tukaone mali moja kubwa ambayo haikupata kuandikwa katika daftari lolote. Mali hiyo ni bahari. Nayo imekuwa ikitumiwa, ikigawanywa na kulindwa na wenyeji wake kwa vizazi vingi.

Swali letu ni hili: mtu anapokuwa na haki aliyoirithi kwa mila, si kwa karatasi, sheria ya mazingira na ya mipango ya matumizi ya maeneo inapaswa kumtendeaje siku mradi mkubwa unapofika ufuoni kwake?

Wenyeji na bahari yao

Tuanze kwa kuwafahamu wenyeji. Kutoka Pemba ya Msumbiji kwenda kaskazini, kupitia Ibo, Matemo na Mocímboa da Praia hadi Palma, wanaishi Wamwani, ambao lugha yao, Kimwani, ni jirani wa karibu sana wa Kiswahili. Jina lao lenyewe latokana na neno la lugha yao lenye maana ya pwani. Upande wa Palma na Quionga husemwa pia Kimakwe, nacho hakiko mbali na Kiswahili; na Wamakonde, ambao wengi wao wanaishi katika nyanda za juu, wana vijiji vyao vilivyoteremka hadi baharini. Mwanafunzi wa Kiswahili akifika huko atasikia maneno mengi anayoyajua, yamevaa sauti nyingine.

Watu hawa wanaisoma bahari kama mkulima anavyosoma shamba. Wanajua bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ambapo bahari hupwa mbali na kuacha miamba na nyasi za bahari wazi kwa saa chache. Hapo ndipo wanawake na watoto hushuka kuchokoa pweza na kuokota chaza na kome. Wanajua pia maji mafu, ambapo bahari haijai sana wala haipwi sana, na kazi za aina nyingine huchukua nafasi. Wanajua kaskazi na kusi, na jinsi kila pepo hufungua eneo moja la uvuvi na kufunga jingine. Wana madiko, yaani mahali maalumu pa kupandishia vyombo na kushushia samaki. Wana madago, yaani kambi za msimu katika visiwa na fukwe za mbali, ambako wavuvi huhamia kwa wiki au miezi, wakavua, wakakausha samaki, kisha wakarejea.

Angalia neno dago kwa makini, kwa maana limebeba sheria nzima ndani yake. Mtu anayekwenda dago ni mgeni mahali pale. Hawezi kushusha tanga na kutupa nyavu bila kusema na mtu. Desturi ya pwani yote ya Waswahili ni kwamba mgeni hujitambulisha kwa wakubwa wa mahali, huomba idhini, na hufuata miiko ya hapo. Kwa hiyo bahari hiyo haikuwa mali ya kila mtu na hivyo kutokuwa ya mtu yeyote. Ilikuwa na wenyewe, ilikuwa na wageni, na ilikuwa na taratibu za kuwaunganisha. Wanasheria huziita taratibu za namna hii haki za kimila. Wenyeji hawana haja ya jina. Kwao ni adabu tu.

Mistari iliyopimwa kutoka kwenye maji

Mji wa Palma umekaa katika ghuba ambayo katika vitabu vya historia huitwa Ghuba ya Tungi. Katika karne ya kumi na tisa ghuba hiyo ilikuwa mahali pa mvutano. Ureno ilidai kwamba milki yake inafika hadi Rasi ya Delgado, kaskazini ya ghuba. Sultani wa Zanzibar naye alidai kwamba Tungi ni yake. Tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana, bila Zanzibar kuwa na sauti ya kutosha, juu ya mipaka ya milki ya Sultani katika bara. Zilimkubalia ukanda wa pwani kutoka Mto Minengani, katika Ghuba ya Tungi, hadi Kipini katika Kenya ya leo. Upana wa ukanda huo ulikuwa maili kumi za baharini, kama kilomita kumi na nane na nusu, zikipimwa kuingia bara kutoka mahali maji yanapofika bahari ikijaa.

Ureno haikuridhika. Mwezi Februari 1887 manowari zake ziliishambulia Tungi kwa mizinga, na utawala wa Sultani Barghash ukakoma hapo. Mwaka 1894 Wajerumani nao waliinyakua Kionga, kipande kidogo cha ardhi kusini ya mlango wa Ruvuma. Wareno wakakitwaa mwaka 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1919 kikathibitishwa kuwa chao. Kati ya miaka hiyo utawala wa sehemu hii yote ulikuwa mikononi mwa kampuni binafsi, Companhia do Niassa, iliyopewa hati ya kutawala mwaka 1891 na kukaa hadi 1929, ikitoza kodi ya vibanda na kuwalazimisha watu kazi.

Kwa nini nakusimulia haya katika makala ya sheria ya bahari? Kwa sababu ya ule mstari wa maji yajaapo. Wanadiplomasia wa mwaka 1886 walipima kuingia bara. Bahari kwao ilikuwa ukingo wa ramani, mahali pa kuanzia kuhesabu, wala haikuwa mahali ambapo watu wanaishi maisha yao. Waliokuwa na madago, madiko na miamba yao hawakuandikwa katika mkataba wowote. Bendera tatu zilipokezana katika pwani hiyo, na hakuna hata mmoja kati ya wenye bendera aliyeuliza nani huvua wapi. Utaona punde kwamba mstari huo wa maji yajaapo haujafutika.

Sheria nzuri inayoishia ufukweni

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, na ardhi yote ikawa mali ya Dola. Kanuni hiyo ingalipo: Katiba ya mwaka 2004, katika ibara ya 109, inasema ardhi ni mali ya Dola, haiuzwi wala haiwekwi rehani. Kile ambacho raia anaweza kuwa nacho ni haki ya kutumia ardhi na kufaidi matunda yake, ambayo kwa kifupi cha Kireno huitwa DUAT. Ibara ya 111 yaitaka Dola itambue na kulinda haki zilizopatikana kwa urithi au kwa kukaa mahali, na ibara ya 4 yatambua kwamba katika nchi hiyo mna mifumo mbalimbali ya kanuni na ya kusuluhisha migogoro, mradi haipingani na Katiba.

Mwaka 1997, tarehe 1 Oktoba, zilitungwa sheria mbili ambazo kila mwanafunzi wa uraia katika Afrika Mashariki angefaidika kuzijua: Sheria ya Ardhi, namba 19/97, na Sheria ya Mazingira, namba 20/97. Sheria ya Ardhi ilisifiwa, na ilistahili sifa. Yasema kwamba jamii inayokaa katika ardhi kwa kufuata kanuni na desturi zake tayari ina DUAT, hata kama haina karatasi. Kutosajiliwa hakuifuti haki hiyo. Na inapotakiwa kuthibitishwa, ushahidi wa mdomo wa wanajamii wakubalika kuwa ushahidi. Katika nchi nyingi zilizotawaliwa na wakoloni, bibi kizee asiyejua kusoma huambiwa hana haki kwa sababu hana hati. Sheria hii ilimwambia: neno lako na la jirani zako ni hati.

Sasa, msomaji wangu, tusome kwa uangalifu zaidi. Sheria hiyo inapoeleza jamii ni nini, inataja mambo ambayo jamii huyalinda kwa pamoja: makazi, mashamba yanayolimwa na yaliyolazwa, misitu, mahali penye umuhimu wa kimila, malisho, vyanzo vya maji na maeneo ya kupanukia. Rudia orodha hiyo polepole. Umeona kilichokosekana? Hakuna mwamba wa pweza. Hakuna nyasi za bahari, hakuna mlango wa kupitia mashua, hakuna kisiwa cha dago. Orodha hiyo iliandikwa na mtu aliyekuwa ameipa bahari kisogo.

Pungufu hilo lina uzito wa kisheria. Sheria hiyo hiyo inatenga maeneo ya hifadhi ya sehemu, na kati yake imo sakafu ya bahari ya nchi, pamoja na ukanda wa pwani, wa visiwa na wa ghuba, wenye upana wa mita 100 kuingia bara kutoka mahali maji makubwa kabisa yanapofika. Ndani ya maeneo hayo DUAT haipatikani. Hutolewa leseni maalumu tu. Maana yake ni kwamba haki ya mila iliyolindwa kwa nguvu kubwa shambani hupungua nguvu mtu anaposhuka kwenda ufuoni, na hupotea kabisa miguu yake inapolowa. Mstari wa maji yajaapo umerudi, mara hii katika sheria ya nchi huru, na kwa nia njema ya kulinda fukwe zisifanywe mali ya watu binafsi.

Usidhani kwamba bahari haina sheria. Ina sheria nyingi. Kanuni za uvuvi za mwaka 2003 zilitambua mabaraza ya jamii ya uvuvi, ambamo wavuvi hushiriki kusimamia eneo lao, na Sheria ya Uvuvi ilitungwa upya mwaka 2013. Amri namba 21/2017 iliweka utaratibu wa kutumia maeneo ya bahari, na Sheria ya Bahari ikafuata mwaka 2019. Lakini tofauti ya msingi ni hii. Barani, mwenyeji huanza na haki, kisha Dola huitambua. Baharini, mtu huanza na maombi, kisha mamlaka humpa leseni, kibali au mkataba wa matumizi. Mwenye leseni ana ruhusa. Na ruhusa, kwa tabia yake, hutolewa na huweza kuondolewa.

Afungi: pale ardhi ilipopimwa na bahari ikakadiriwa

Mwaka 2010 kampuni ya Anadarko ya Marekani ilitangaza kupatikana kwa gesi nyingi chini ya bahari mbele ya Palma, na mwaka uliofuata ENI ya Italia ikagundua zaidi katika eneo la jirani. Ili gesi hiyo ichakatwe na kusafirishwa, palichaguliwa rasi ya Afungi, upande wa kusini wa ghuba ileile ya Tungi. Mwaka 2012 DUAT ya takriban hekta 7,000 ilitolewa kwa ajili ya mradi. Ndani ya hekta hizo mlikuwa na watu, wakiwamo wa kijiji cha Quitupo na vitongoji vya ufuoni kama Milamba. Shirika la Centro Terra Viva la Maputo lilihoji hadharani uhalali wa kuitoa ardhi hiyo kabla ya wenyeji kushauriwa kikamilifu kama sheria itakavyo.

Mwaka huohuo wa 2012 ilitoka Amri namba 31, inayosimamia uhamishaji wa watu kutokana na miradi ya kiuchumi. Amri hiyo yampa anayehamishwa haki ya kurudishiwa kipato sawa na cha awali au kizuri zaidi, kiwango cha maisha kisichopungua cha kwanza, na nafasi ya kufanya shughuli zake za kujikimu. Kwa hiyo kijiji kipya kilijengwa, Quitunda, chenye nyumba za matofali, shule na zahanati, na familia za kwanza zilianza kuhamia mwaka 2019. Mwezi Juni mwaka huo uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitangazwa, wenye thamani ya takriban dola bilioni 20, na baadaye kampuni ya Total ya Ufaransa ikachukua nafasi ya Anadarko.

Shamba hupimwa kwa hekta. Mnazi huhesabiwa mmoja mmoja, na mwembe vivyo hivyo. Nyumba ina vyumba na paa. Lakini utapimaje njia ya maji ambayo mzee anaijua kwa kulinganisha mnazi fulani na kilima fulani? Utalipaje saa tatu za bamvua, mara mbili kwa mwezi, ambazo zilimpatia mama kitoweo bila kumwomba mume fedha? Quitunda ni kijiji cha bara. Mvuvi aliyekuwa akitoka mlangoni na kukanyaga mchanga alijikuta ufuo u mbali naye, na suala la usafiri wa kumfikisha baharini likawa sehemu ya mjadala wa fidia. Zaidi ya hayo, gati na njia za meli huja na maeneo ya usalama ambamo vyombo vidogo haviruhusiwi kuingia. Na hapo ndipo mhamishwa wa Quitunda anapokutana na mvuvi wa kijiji ambacho hakikuhamishwa kabisa: wote wawili wamepoteza bahari ileile, ingawa mmoja tu ndiye aliyepoteza nyumba.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Wapo waliofanya kazi ya kweli ya kuwahesabu wavuvi na waokotaji wa pwani, na fidia ya uvuvi ilijadiliwa na kulipwa. Hoja yangu ni nyembamba zaidi. Fidia ile ilikuwa ya kipato kilichopotea. Haikuwa, na kwa mfumo wa sheria haingeweza kuwa kwa urahisi, utambuzi wa haki. Tofauti ni kubwa. Anayepoteza kipato hulipwa, na mazungumzo yakaisha. Mwenye haki huombwa kwanza. Anaweza kusema ndiyo, anaweza kusema hapana, anaweza kusema ndiyo kwa masharti. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wazee wetu. Lakini ili mtu aweze kuamua kuacha au kutoacha, lazima kwanza mbacha uhesabiwe kuwa wake.

Usifikiri pia kwamba ni gesi peke yake inayosogeza mipaka. Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas ilianzishwa mwaka 2002, ikiwa na takriban kilomita za mraba 7,500, na karibu 1,500 kati yake ni bahari. Hifadhi hulinda kasa, matumbawe na mikoko, na yafaa tuiunge mkono. Hata hivyo, eneo la kutovuliwa likichorwa bila wenyeji, mvuvi hufungiwa mlango uleule, isipokuwa aliyeufunga amevaa sare tofauti.

Mashahidi wanapotawanyika

Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha waliushambulia mji wa Mocímboa da Praia, na vita vikaanza ambavyo vimewaua maelfu na kuwafanya mamia ya maelfu wayakimbie makazi yao. Tarehe 24 Machi 2021 vilifika Palma yenyewe, na mwezi uliofuata mradi wa Afungi ukasimamishwa kwa miaka kadhaa. Wengi walikimbia kwa njia ya bahari, kwa majahazi na mashua, hadi Ibo, Matemo na Pemba. Kimbunga Kenneth kilikuwa kimekwisha kuipiga pwani hiyo mwezi Aprili 2019.

Haki ya mila, kama tulivyoona, husimama juu ya ushahidi wa watu: jirani anamshuhudia jirani, mzee anamshuhudia kijana. Lakini majirani wakitawanywa, mmoja yuko kambini karibu na Pemba, mwingine Nampula, mwingine amevuka Ruvuma kwa jamaa zake wa Mtwara, na mzee aliyejua majina ya miamba amefariki njiani, daftari lile la vinywa limechanika kurasa. Wanaporudi, na wengi wamekuwa wakirudi, huikuta bahari ina ulinzi, ina njia za meli, ina ramani mpya. Kila mwaka unaopita bila haki hizo kuandikwa, uthibitisho wake unapungua, na anayetaka kusema hakukuwa na kitu hapa anapata urahisi zaidi wa kusema hivyo.

Majirani walivyoamua

Je, jambo hili lawezekana mahakamani? Tutazame kwa jirani. Katika Lamu, Kenya, wavuvi walipinga ujenzi wa bandari ya mradi wa LAPSSET katika maji ya Manda. Katika kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2018 kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na kwamba haki zao za mazingira, za riziki na za utamaduni zimevunjwa. Iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Uzito wa hukumu hiyo hauko katika fedha peke yake. Mahakama ilikubali kuuona uvuvi wa jadi kama sehemu ya utamaduni ambao Katiba yaulinda.

Mwaka huohuo, Mahakama ya Juu ya Rufani ya Afrika Kusini iliamua kesi ya Gongqose, ya wanaume wa jamii za Dwesa-Cwebe waliotiwa hatiani kwa kujaribu kuvua ndani ya hifadhi ya bahari. Mahakama ilisema kwamba jamii hizo zilikuwa na haki ya kimila ya kuvua hapo, na kwamba sheria ya rasilimali za bahari haikuifuta haki hiyo kwa kunyamaza tu. Tafakari kanuni hiyo: sheria inaponyamaza juu ya mila, kimya chake si kifo cha mila. Kwa Msumbiji, ambayo Katiba yake tayari yatambua mifumo mbalimbali ya kanuni, hoja kama hiyo ina mlango wa kupitia. Hukumu za nchi jirani haziilazimishi mahakama ya Maputo au ya Pemba, lakini zinaonyesha kwamba bahari inaweza kuwa na wenyewe mbele ya hakimu.

Mpango mzuri ungefanya nini?

Sheria ya mipango, kwa asili yake, hufanya kazi kabla ya madhara kutokea. Hapo ndipo thamani yake ilipo. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2015 zinaitaka miradi mikubwa ishirikishe umma kabla ya kuidhinishwa. Ili ushirikishwaji huo uwe na maana kwa watu wa pwani, naona mambo manne ya lazima.

La kwanza, bahari ichorwe ramani na wanaoitumia, kabla ya mtu yeyote kupewa eneo. Ramani hiyo iwe na misimu pia: nani yuko wapi wakati wa kaskazi, nani wakati wa kusi, miamba ipi hushukiwa wakati wa bamvua. Mahali panapoonekana patupu mwezi Julai paweza kuwa dago lililojaa watu mwezi Januari.

La pili, wanawake wasikilizwe kwa nafasi yao. Mara nyingi neno mvuvi humleta akilini mwanamume mwenye chombo, na dodoso huandikwa kwa ajili yake. Mwenye fimbo ya kuchokolea pweza hana chombo cha kusajili, wala mara nyingi hana leseni, na kwa hiyo huwa wa kwanza kusahauliwa.

La tatu, mshauriwa aelezwe kwa lugha yake. Waraka wa Kireno wenye mamia ya kurasa ukisomwa kwa muhtasari mbele ya watu wanaosema Kimwani, Kimakwe au Kimakonde, huo ni mkutano. Bado haujawa ushauriano. Ninyi mnaojifunza Kiswahili mnajua kwa uzoefu wenu umbali uliopo kati ya kusikia sauti na kuelewa maana.

La nne, haki itambuliwe kwanza, kisha ndipo fidia izungumzwe. Mfano upo tayari katika nchi hiyohiyo: ni ile Sheria ya Ardhi ya mwaka 1997. Hakuna haja ya kubuni kitu kigeni. Inatosha kuivusha kanuni yake mstari wa maji yajaapo.

Huenda utauliza: je, mila zote ni njema? Hapana. Mila inaweza kumnyima mwanamke sauti au kumwonea mgeni wa dago. Wapo pia wenyeji wanaovua kwa vyandarua na kumaliza samaki wachanga. Haki ya kimila haimpi mtu ruhusa ya kuangamiza, na Katiba inabaki juu yake. Lakini kumbuka kwamba anayejua kuwa mwamba ni wake ana sababu ya kuulinda kesho. Anayejua kwamba ataondolewa wakati wowote ana sababu ya kuvuna chote leo. Wala haki ya wenyeji haiifungi nchi isitumie gesi yake. Yadai tu kwamba nchi na wenyeji wake waketi meza moja mapema, ardhi ingali haijapimwa na bahari ingali haijafungwa.

Neno la mwisho kwako

Unapoendelea kujifunza, nakuomba uyatofautishe maneno matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa: ruhusa, fidia na haki. Ruhusa hutolewa na mwenye mamlaka. Fidia hutolewa baada ya hasara. Haki ipo kabla ya vyote viwili, na kazi ya sheria ni kuitambua. Utakaposoma tangazo la mradi wa bandari, wa hoteli, wa hifadhi au wa gesi, liwe la Palma, la Lamu, la Mtwara au la pwani ya kwenu, litafute neno lipi kati ya hayo matatu limetumika kwa wavuvi, na lipi limeachwa. Kisha uliza mstari wa ramani umeanzia wapi, na nani anayefanya kazi upande wa pili wake maji yanapokupwa.

Katika Ghuba ya Tungi, watu wangali wakishuka na bamvua. Kazi ya kuiandika bahari yao ingali inawezekana, kwa sababu wapo wazee wanaokumbuka jina la kila mwamba na wapo vijana wanaojua kusoma na kuandika. Anayetaka kuianza aanze kwa kuwakutanisha hao wawili.